Redio ya kidijitali nyumbani Bulengera: gharama inajificha wapi?

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Kongo nzima, na katika siku hizo hizo matangazo ya redio ya Ufaransa, RFI, nayo yakakatwa. Karibu wiki tatu zilipita kabla mtandao haujarudi. Butembo na Beni walikuwa na donda lao la ziada: tarehe 26 Desemba tume ya uchaguzi, CENI, ilikuwa imetangaza kwamba kura yao imeahirishwa hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Watu walihitaji habari kuliko wakati wowote, na njia ya kisasa kuliko zote ya kuzipata ilikuwa imefungwa kwa amri moja tu iliyotoka Kinshasa. FM ya mjini haihitaji intaneti ili isikike. Inahitaji mtambo, antena, mafuta ya jenereta na mtu mwenye moyo wa kukaa mbele ya kipaza sauti.

Anayeuliza leo jinsi ya kusikiliza redio kidijitali nyumbani kwa bei nafuu, hasa akiwa Bulengera, hapa Butembo, sharti kwanza ajiulize: siku watakapozima mtandao, nyumba yangu itasikia nini? Bei ya chombo dukani ni swali la pili. La tatu, ambalo wengi hulisahau hadi mwisho wa mwezi, ni bei ya kila saa ya kusikiliza. Nitakayoyasema hapa yanaelekea upande mmoja: kaya ya Bulengera inaweza kusikiliza kidijitali kwa fedha kidogo, ila si kwa kununua chombo kinachouzwa kwa jina la redio ya kidijitali, wala kwa kuchoma mega kila siku. Njia yake ni rekodi ndogo zinazohifadhiwa kwenye kadi na kupitishwa mkono kwa mkono, huku FM ya kawaida ikibaki nguzo ya nyumba.

Bulengera ni mojawapo ya komuni nne za Butembo, pamoja na Kimemi, Mususa na Vulamba. Butembo ni mji wa wafanyabiashara uliojengwa juu ya vilima, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, na ukitoka katikati kuelekea pembeni nyumba hupungua, mashamba na mikaratusi ikachukua nafasi. Redio hapa husema Kiswahili, Kifaransa na Kinande, mara nyingine ndani ya kipindi kimoja. Kuna Radio Moto ya jimbo katoliki la Butembo-Beni, kuna Radio Okapi, ambayo Umoja wa Mataifa na shirika la Uswisi la Fondation Hirondelle waliianzisha tarehe 25 Februari 2002, na kuna vituo vingine vya mji na vya vijiji vya Lubero na Beni, vingine vikiendeshwa kwa kujitolea zaidi ya mishahara.

Uzito wa redio hizo ulionekana wazi wakati wa Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika rasmi tarehe 25 Juni 2020 uliua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Mwaka 2019 Butembo ilikuwa katikati ya janga: Februari vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa ndani ya hospitali ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Uvumi ulikuwa ukipita kwenye simu, sauti zisizo na jina wala tarehe, na watangazaji wa redio ndogo ndio waliokuwa wakijibu kwa lugha ambayo bibi wa kijijini anaielewa. Baadhi yao walilipa kwa damu. Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya Lwemba, ng'ambo ya mpaka wa Ituri, aliyekuwa akiendesha vipindi vya kuelimisha juu ya Ebola, aliuawa nyumbani kwake mwanzoni mwa Novemba 2019. Kwa hiyo tunapozungumzia teknolojia ya kusikilizia, tunazungumzia njia ambayo kazi ya watu kama yeye humfikia aliyelengwa.

Sasa tuje kwenye vyombo. Ulaya ukisema redio ya kidijitali, wengi huelewa DAB: mawimbi yanayorushwa kutoka mnarani kama FM, lakini yamebeba sauti kwa tarakimu, na mnara mmoja unaweza kubeba vituo kumi na zaidi kwa mpigo. Norway ilianza kurusha DAB mwaka 1995, na katika mwaka 2017 ikazima FM za kitaifa, jimbo baada ya jimbo, kuanzia Januari hadi Desemba. Afrika Kusini imeandaa kanuni na kufanya majaribio. Upo pia mfumo wa DRM, uliobuniwa ili uweze kupita hata kwenye masafa mafupi na ya kati, wenye matangazo rasmi tangu Juni 2003. India ndiyo iliyoukumbatia kwa upana. Butembo hakuna kituo kinachorusha DAB wala DRM. Anayekuuzia leo kipokezi cha aina hizo kwa ahadi kwamba kitakufungulia ulimwengu anakuuzia FM kwa bei ya juu, kwa maana ndicho kitu pekee utakachokisikia humo.

Tuseme mitambo hiyo ingefika. Vilima vya Butembo vingeleta shauri lake. FM husafiri kwa mstari ulionyooka. Kilima kikikaa kati ya nyumba yako na mnara, sauti hufifia na mkwaruzo huingia. Lakini katika mkwaruzo ule sikio la binadamu bado huokota maneno. Mama anayepepeta maharagwe uani atasikia jina la kijiji kilichoshambuliwa na jina la barabara iliyofungwa, hata kama muziki wa kipindi umeharibika. Mawimbi ya kidijitali hayana mlango huo wa huruma: yanasikika safi hadi kiwango fulani, kisha hukatika vipande, kisha kimya. Nchi tajiri hutibu kasoro hiyo kwa kusimamisha minara mingi midogo. Katika eneo lililo chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, ambako fundi hawezi kupanda kilima chochote anachotaka kwa siku yoyote anayotaka, minara mingi midogo ni mzigo mzito mno. FM iachwe mahali pake. Nchi yetu inadaiwa tangu 2015 kuhamisha televisheni kwenda dijitali kwa makubaliano ya Geneva ya 2006. Redio ya FM haimo katika deni hilo, na hakuna sababu ya kuikimbiza.

Afrika imekwisha kupewa somo juu ya chombo maalumu cha kidijitali, nalo lilitolewa karibu kabisa na kwetu. Noah Samara, mzaliwa wa Addis Ababa, alianzisha kampuni ya WorldSpace kwa nia njema kabisa: redio ya setilaiti kwa Waafrika, bila minara, bila mkwaruzo, ikiwamo elimu na afya. Setilaiti yake, AfriStar, ilirushwa tarehe 28 Oktoba 1998 na kuwekwa juu ya mstari wa ikweta kwenye longitudo ya nyuzi 21 mashariki. Fungua ramani uone mahali hapo: ni Tshuapa, karibu juu ya mji wa Boende. Redio ya setilaiti ya Afrika nzima ilikuwa imesimama juu ya vichwa vya Wakongo, na Wakongo karibu wote hawakuisikia. Vipokezi vyake vilipoingia sokoni viliuzwa kwa zaidi ya dola 200, na baadaye kampuni ikaanza kudai malipo ya uanachama. Oktoba 2008 ikaomba hifadhi ya mahakama kwa kushindwa kulipa madeni, na huduma ikafa. Walionunua walibaki na kifaa kizuri kisicho na cha kupokea, kwa kuwa kilijua kusikiliza mahali pamoja tu.

Kutoka hapo mimi naweka kanuni moja ya ununuzi: usinunue chombo kinachotegemea mwenye mali mmoja. Nunua kile ambacho mwenye mali akiondoka bado kina kazi.

Intaneti inaonekana kutimiza kanuni hiyo, kwa sababu simu ina kazi nyingi. Radio Okapi inasikika kwenye tovuti yake, RFI Kiswahili, BBC na DW vivyo hivyo, na mtoto wa Butembo aliyeko Kampala au Brussels anaweza kufuatilia redio ya nyumbani ikiwa inarusha mtandaoni. Kwa aliyeko ughaibuni mwenye waya wa intaneti usiohesabiwa, hili ndilo jibu lote. Kwa aliyeko Bulengera anayenunua mega kwa kipimo, tupige hesabu. Matangazo ya mtandaoni yanayokwenda kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula megabaiti karibu 29 kwa saa. Saa tatu kwa siku, taarifa ya asubuhi, mchana kidogo na jioni, ni megabaiti 86. Mwezi mmoja ni giga 2.6. Kituo kikirusha kwa kilobiti 128, kama vingi vifanyavyo ili muziki upendeze, zidisha kwa mbili: giga 5 na ushee. Chukua bei ya giga unayonunua wewe, kwa Airtel, Vodacom au Orange, uzidishe. Kisha kumbuka kwamba hiyo ni simu moja, sikio moja, na nyumba ina watu saba. Redio ya FM ikiwashwa uani, jirani naye anasikia bure.

Wapo watakaosema Starlink, intaneti ya setilaiti, imefika, maana mdhibiti wa mawasiliano aliipa kibali Mei 2025 baada ya kuipiga marufuku mwaka uliotangulia. Kwa shule, parokia, hospitali au kituo cha redio chenyewe, hiyo ni habari njema. Kwa kaya ya kawaida haibadilishi hesabu, na amri ya kuzima inaweza kuipata pia.

Lipo jambo ambalo intaneti inaficha. Simu nyingi za bei ya chini zina kipokezi cha FM ndani yake, ambacho hakitumii mega hata moja. Kinachokosekana ni antena, na ndiyo maana programu ya redio hukudai uchomeke waya wa masikioni: waya ule ndio antena. Waya wenyewe ukikatika spika zake, usiutupe. Mawimbi ya FM ya karibu na megahezi 100 yana urefu wa mita 3, na robo yake, sentimita 75, ndiyo antena inayofaa. Waya wa masikioni ulioharibika, ukiachwa na kichwa chake cha kuchomeka na karibu sentimita hizo za uzi, ukanyooshwa wima dirishani upande unaotazama kilima chenye mnara, huleta tofauti unayoisikia hapo hapo. Kisha ndani ya programu chagua sauti itoke kwenye spika ya simu. Kabla ya kununua simu mpya, muulize muuzaji kama ina FM, na uiwashe mbele yake.

Dishi nalo lisisahaulike kwa wenye nalo. Dekoda nyingi za televisheni zina orodha ya redio nyuma ya orodha ya chaneli, na sauti inaweza kutolewa moja kwa moja kwenye spika huku runinga imezimwa, jambo linalookoa umeme mwingi. Ila kununua dishi kwa ajili ya redio peke yake ni kupoteza fedha. Masafa mafupi ya zamani nayo yanapungua mwaka hadi mwaka. Matangazo ya Kiswahili kutoka nje yana umri, BBC tangu Juni 1957, DW tangu Februari 1963, lakini umri si dhamana. VOA, Sauti ya Amerika, ambayo wazee wengi wa Kivu waliiamini, ilinyamazishwa tarehe 15 Machi 2025, na vituo vya FM vilivyokuwa vikiunganisha matangazo yake vikabaki na pengo kwenye ratiba.

Kwa vijana wa ufundi, lipo pia dude dogo la kuchomeka kwenye kompyuta, lililotengenezwa kwa ajili ya televisheni, ambalo tangu 2012 wapenda redio waligundua linaweza kupokea masafa mengi sana. Bei yake ni karibu dola 30 na ni shule nzuri sana. Lakini mkoa uko vitani. Kijana anayekutwa akipekua masafa ya jeshi au ya polisi hatapata nafasi ya kueleza kwamba alikuwa akijifunza. Akae kwenye matangazo ya umma.

Nimebakiza njia ninayoiamini. Tembea sokoni Butembo utaona meza ndogo yenye kompyuta iliyochakaa, kibao cha soketi kimejaa chaja za simu za watu, na kijana anayejaza nyimbo kwenye kadi za kumbukumbu na flashi kwa malipo kidogo. Kazi hiyo ni mtandao wa usambazaji uliokwisha kujengwa, bila mradi na bila mfadhili. Na majumbani kuna kile kispika kidogo kinachoingia kwa wingi kutoka China kupitia mpaka wa Kasindi: kina FM, mlango wa flashi, mlango wa kadi ndogo, bluetooth, mara nyingine taa na pano ya sola mgongoni. Watu wamekinunua kwa ajili ya muziki. Hicho ndicho redio ya kidijitali ya Bulengera, na tayari kimo ndani ya nyumba nyingi.

Kinachokosekana ni kitu cha kutia ndani. Fikiria kipindi cha jioni cha dakika 20, kilichohifadhiwa kwa kilobiti 32, sauti ya mkondo mmoja. Ni megabaiti 4.8. Kadi ya giga 8 inaweza kubeba zaidi ya saa 500 za mazungumzo ya kiwango hicho. Mtu mmoja akipakua, kumi wanaweza kupokea kwa bluetooth au kwa kuazimana kadi, na gharama ya mega inabaki ya mmoja. Intaneti ikizimwa, rekodi za jana, za juma lililopita, somo la kilimo, mafundisho juu ya kunyonyesha, kipindi cha sheria ya ardhi, vyote bado vipo. Mkulima aliyekuwa shambani saa ya kipindi anakisikiliza usiku. FM haiwezi hilo: ikishasema, imesema.

Mambo madogo ndiyo yanayoua wazo hili, kwa hiyo niyataje. Sauti za WhatsApp huhifadhiwa kwa mfumo wa Opus, ambao hata kwa kilobiti 16 tu hubeba maneno vizuri. Dakika 20 ni megabaiti 2.4. Ni mzuri kwa simu. Lakini vispika vingi vya bei ndogo havijui Opus, vinasoma MP3. Ukihamisha sauti ya WhatsApp kwenye kadi na kuichomeka, spika hukaa kimya, na mama mwenye nyumba huamini kadi imeharibika. Kituo chenye kujali kitoe rekodi mbili: Opus kwa simu, MP3 kwa kadi. Tena kispika hakina kioo cha kuonyesha majina. Hupiga faili kwa mpangilio wake. Jina la faili likianza na mwaka, mwezi na siku kwa tarakimu, kijana wa sokoni atazipanga upesi na kufuta zilizozeeka. Kadi isizidi giga 32, kwa kuwa kubwa zaidi hukataliwa na vispika vingi vya aina hii.

Hatari kubwa zaidi ni ile tuliyoiona kwenye Ebola. Rekodi inayotembea kutoka simu hadi simu hupoteza wazazi. Taarifa ya Machi inaweza kusikilizwa Oktoba kama ya leo, na katika mji uliopokea maelfu ya wakimbizi wa vita, hasa baada ya waasi wa M23 kuingia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, habari ya zamani kuhusu barabara salama inaweza kuua mtu. Kwa hiyo tarehe kwenye jina la faili haitoshi. Sauti yenyewe ifungue kwa jina la kituo, siku, tarehe, mwezi, mwaka na saa, na ifunge kwa maneno hayo hayo, ili anayekata kipande aonekane amekata. Na habari za usalama za saa ile zisiwekwe kwenye kadi kabisa. Hizo ni za FM, zinazosemwa na kusahihishwa papo hapo. Kadi ibebe yale yanayodumu: afya, kilimo, sheria, historia, mahubiri, hadithi za watoto, mahojiano marefu.

Umeme. Kaya nyingi za pembeni hazina waya wa umeme, na wenye nao wanajua kukatika kwake. Vispika vidogo vingi hutumia betri ya BL-5C, ile ile iliyokuwa ndani ya simu za Nokia za zamani. Ina uwezo wa wati-saa karibu 4 ikiwa mpya. Pano ndogo ya wati 5 kwenye jua zuri huijaza kwa muda usiozidi saa mbili hivi. Siku za mawingu za msimu wa mvua, Septemba hadi Desemba, itachukua nusu ya siku au zaidi. Pano zile ndogo zilizobandikwa mgongoni mwa spika ni za kujifariji tu, usizihesabu. Nunua kispika ambacho kifuniko cha betri kinafunguka kwa kidole, si kile kilichogundishwa, kwa kuwa betri hufa kabla ya spika, na BL-5C ya kubadilisha inapatikana kila soko la Kivu. Washa kwa sauti ya wastani. Taa za rangi zinazomulika pembeni, kama zinaweza kuzimwa, zizime.

Nani atashika kadi? Swali hili nalipa uzito sawa na la mega. Redio ya zamani ilikaa sebuleni au uani, na aliyekuwepo alisikia. Simu iko mfukoni mwa mtu, mara nyingi baba au kijana wa kiume, na waya wa masikioni unafunga mlango kabisa. Kivu Kusini, shirika la Samwaki, Sauti ya Mwanamke Kijijini, likishirikiana na FAO, liliwakusanya wanawake wa vijijini katika vilabu vya kusikiliza: wanasikiliza pamoja, wanajadili, kisha wanarudisha maswali redioni. Kispika chenye kadi kinafaa mno kwa utaratibu huo, kwani kipindi kinaweza kusimamishwa katikati, kikajadiliwa, kikarudiwa pale ambapo hawakuelewana. Chama cha akina mama wa parokia, kikundi cha likirimba cha kuchangiana fedha kwa zamu, ushirika wa kahawa, kila kimoja kinaweza kuwa na kadi moja na kispika kimoja bila kumwomba mtu ruhusa. Akina mama ndio wakishike.

Upande wa gharama, basi, kaya yenye kispika na simu moja ya FM imekwisha kununua karibu kila kinachohitajika. Inaongeza kadi, betri ya akiba, na waya wa sentimita 75. Fedha za kila mwezi ni mega za mtu mmoja anayepakua kwa niaba ya wengi: rekodi mbili kwa siku za megabaiti 4.8 ni chini ya megabaiti 300 kwa mwezi mzima. Linganisha na zile giga 2.6 za kusikiliza moja kwa moja, kwa simu moja.

Mzigo uliobaki si wa msikilizaji. Ni wa vituo. Redio zetu nyingi hurekodi vipindi kwenye kompyuta kabla ya kuvirusha hewani au huvirekodi vikitoka, kisha faili linafutwa au linapotelea humo. Kazi ya kulipunguza hadi kilobiti 32 kwa programu ya bure kama Audacity ni ya dakika chache. Inahitaji mtu mmoja aliyepewa jukumu hilo kwa jina, saa maalumu ya kutoa rekodi, na flashi moja ya kupeleka asubuhi kwa vijana wa sokoni bila kuwadai chochote. Mkurugenzi wa redio Butembo, Beni, Oicha au Lubero unayesoma haya: anza Jumatatu, kwa kipindi kimoja tu, kile ambacho wasikilizaji hupiga simu kuuliza kitarudiwa lini.